Mtoto Asiyeona Jioni



Mwezi uliopita tulitembelewa na mama mmoja wa kijiji kilicho jirani na Lemera. Alikuja na mwanawe, mvulana wa miaka minane, mwanafunzi wa darasa la pili. Hatutamtaja jina, ingawa jambo lake si la aibu, wala si lake peke yake.

Mtoto huyu mchana husoma maandishi ya ubaoni hata akiketi benchi la mwisho. Hudaka mpira kama wenzake. Lakini jua likisha kutua nyuma ya milima, hugeuka kuwa kama mtu mwingine. Hujikwaa kizingitini mwa nyumba aliyozaliwa. Akitumwa maji, huanguka njiani, na maji yakamwagika. Akiandaliwa chakula, huipapasa sahani, na wadogo zake humcheka. Baba yake alidhani kwamba anajisingizia upofu ili asitumwe. Akamchapa mara mbili. Jirani mmoja akanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Naye bibi yake, kwa upendo wake, alikuwa ameanza kutafuta majani ya kumkamulia machoni.

Mama akatuuliza: "Mwalimu, jicho ni lile lile. Lawezaje kuona mchana, likakataa jioni?"

Swali hilo ni jema, na tulimwahidi kwamba tutalijibu hapa, ili nyumba nyingine nazo zipate faida. Tunawaomba wasomaji wawe na subira kidogo, kwa maana jibu lake linaanzia mahali padogo mno, pasipoonekana kwa macho, nalo linaishia jikoni.

Nyuma ya jicho, upande wa ndani, kuna utando mwembamba uitwao retina. Ndani yake mna seli za namna mbili zinazopokea nuru. Namna ya kwanza zina umbo la koni: hizo hutuonyesha rangi na vitu vidogo vidogo, lakini zahitaji mwanga mwingi. Namna ya pili zina umbo la vijiti, nazo ni nyingi kuliko zile za kwanza, karibu milioni 100 katika kila jicho. Vijiti havijui rangi, lakini vyatosheka na mwanga mdogo sana. Ndiyo sababu usiku wenye nyota tunauona mti, tusijue kama majani yake ni ya kijani au ni mekundu. Basi mchana tunatumia koni, na giza likianza kuingia tunatumia vijiti. Mtoto wetu ana koni zinazofanya kazi. Vijiti vyake ndivyo vyenye njaa.

Mwaka 1876 mtaalamu mmoja Mjerumani, Franz Boll, aliyekuwa akifundisha Roma, alitazama retina ya chura aliyekuwa amewekwa gizani. Akaiona ni nyekundu yenye kuelekea zambarau. Na ilipokaa nuruni ikafifia mbele ya macho yake. Baadaye kidogo, mwenzake Wilhelm Kühne wa Heidelberg aliweza kuitoa rangi hiyo katika jicho na kuichunguza. Siku hizi inaitwa rodopsini. Ni protini, yaani ni jamii moja na vitu vilivyomo katika nyama, maharage na mayai. Lakini hii ina kazi maalumu ya kuipokea nuru.

Protini yenyewe, peke yake, haiwezi kuona kitu. Katikati yake imeshika kitu kidogo kiitwacho retinali, nacho ndicho kinachoinasa nuru. Mwaka 1933 kijana Mmarekani, George Wald, akifanya utafiti Ujerumani, aligundua kwamba katika retina mna vitamini A. Kazi yake iliyofuata ilionyesha kwamba retinali hutokana na vitamini hiyo, na mwaka 1967 alipewa Tuzo ya Nobeli pamoja na wenzake wawili. Tulikumbuke neno hili: mwili wa mtu waweza kuijenga ile protini, lakini hauwezi kuitengeneza retinali pasipo chakula kinachoileta.

Sasa tutazame jinsi rodopsini inavyoamshwa. Wasomaji wengi waliokulia mlimani wamewahi kutega ndege. Kijiti hupindwa, kikafungwa, kikazuiwa na kikwamizi kidogo. Ndege akigusa, kikwamizi hufyatuka, kijiti hunyooka, na mtego wote hubadilika umbo kwa mara moja. Rodopsini inafanana na mtego huo. Gizani, retinali imekaa imepinda. Chembe moja tu ya nuru ikiifikia, retinali hunyooka, na jambo hilo hutendeka katika muda usiofika hata sehemu moja ya trilioni ya sekunde.

Lakini kunyooka hakutoshi. Kikwamizi hakina budi kuondoka. Na kikwamizi hiki ni cha ajabu, kwa sababu ni kitu kidogo kuliko vyote tulivyokwisha kuvitaja. Wanafunzi wa sekondari wanajua kwamba atomi ya hidrojeni ina protoni moja katikati, yenye umeme chanya, na elektroni moja nje, yenye umeme hasi. Mahali retinali inapoungana na protini pana protoni moja iliyopashika. Karibu nayo, katika ukuta wa protini, kuna sehemu yenye umeme hasi. Chanya na hasi huvutana, na mvuto huo ndio unaoufunga mtego. Retinali inaponyooka, yale majirani mawili huvurugwa mahali pao. Ndipo ile protoni inaruka kutoka upande wa retinali kwenda upande wa pili. Mara moja chanya na hasi zimefutana, hakuna tena kinachovutana, kikwamizi kimefyatuka. Protini inafunguka upande wa ndani ya seli, na huko inapokea protoni nyingine, inayosaidia kuishika wazi. Yote hayo yanakwisha katika sehemu chache za elfu za sekunde.

Rodopsini iliyofunguka huziamsha protini nyingine, na hizo huziamsha nyingine tena, kama habari inayotoka nyumba hata nyumba, hata seli nzima ikabadili umeme wake na ubongo ukapata ujumbe. Kwa njia hiyo kijiti kimoja chaweza kujibu chembe moja tu ya nuru. Hapana taa wala chombo cha dukani tunachokijua nyumbani chenye uangalifu kama huo.

Msomaji atauliza: je, nuru huzungumza kwa protoni peke yake? La. Tazama shambani. Mharage uliootea gizani, chini ya gunia au nyuma ya ghala, huwa mrefu, mwembamba na wa rangi hafifu, kwa kuwa unakimbia kuutafuta mwanga. Ukiletwa nuruni, unaacha kurefuka ovyo, unakaza shina na kukunjua majani. Mmea hauna macho, lakini nao una protini za kuipokea nuru. Mojawapo inaitwa kriptokromu, ambayo jeni yake ilielezwa mwaka 1993 na Margaret Ahmad na Anthony Cashmore, waliochunguza mmea mdogo wa porini. Hii haitumii vitamini A. Katikati yake imeshika kitu kinachotokana na vitamini B2. Nuru ya buluu ikikipiga, kitu hicho hunyakua elektroni kutoka kwa jirani yake. Jirani naye huichukua ya mwenzake wa nyuma, na huyo ya mwenzake, kama watu waliojipanga mstari wakipitishiana matofali. Baada ya elektroni kufika, protoni nayo hufuata. Ndipo protini inabadilika umbo, na mmea unajua kwamba umetoka gizani.

Basi katika jicho la mtoto ni protoni inayohama. Katika mharage ni elektroni kwanza, kisha protoni. Njia ni mbili, lakini kanuni ni moja: protini inayoipokea nuru huhitaji msaidizi mdogo wa kuishikia nuru hiyo. Tofauti ni hii, na ndiyo inayotuhusu sisi wazazi. Mharage hujitengenezea msaidizi wake wenyewe. Mtoto hawezi. Msaidizi wake lazima apitie mdomoni.

Yafaa kujua pia kwamba retinali iliyonyooka haiwezi kutumika tena papo hapo. Huachana na protini, hupelekwa katika seli za jirani, hupindwa upya, kisha hurudishwa. Ndiyo sababu mtu akitoka juani na kuingia chumba cha giza hukaa kwanza kama kipofu, na huchukua nusu saa au zaidi kabla ya macho yake kuzoea kabisa. Katika mzunguko huo nyingine hupotea, na akiba iliyoko katika ini hutolewa ili kuziba pengo. Akiba ikiisha, mitego ya jichoni inabaki bila vijiti vyake. Protini ipo, nuru ipo, lakini hapana kitu cha kunyooka wala protoni ya kuruka. Hayo ndiyo yaliyompata mvulana wetu. Hakuwa mvivu, wala hakulogwa. Kizingiti hakukiona.

Ingekuwa hasara ya jioni tu, tungesema ni msiba mdogo. Lakini upofu wa jioni ni kengele ya kwanza. Vitamini A hailishi retina peke yake; huitunza ngozi laini ya macho, ya koo, ya mapafu na ya matumbo, na huusaidia mwili kupigana na magonjwa. Isipopatikana, weupe wa jicho hukauka. Pengine hutokea alama kama povu dogo. Kisha kioo cha jicho hupata kidonda, hulainika na kuharibika. Hapo upofu si wa jioni tena, bali ni wa maisha yote. Na watoto wengi waliofika hapo hufa kabla ya mwaka kwisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya mwaka 1995 na 2005 watoto milioni 190 wasiofikia umri wa shule walikuwa na upungufu wa vitamini hii, na kati yao zaidi ya milioni 5 walikuwa hawaoni jioni.

Adui mkubwa anayeikomba akiba hii ni surua. Katika hospitali ya Mvumi, mkoa wa Dodoma, Tanzania, waganga waliwagawa watoto 180 waliougua surua katika makundi mawili. Watoto 88 walipewa vitamini A pamoja na matibabu ya kawaida. Wengine 92 walipewa matibabu ya kawaida tu. Katika kundi la kwanza walikufa 6. Katika la pili walikufa 12. Habari hizo zilichapishwa mwaka 1987, na pamoja na majaribio ya nchi nyingine zimewafanya waganga wa dunia yote kumpa vitamini A kila mtoto mwenye surua. Wachunguzi hao hao walipotazama vidonda vya macho vya watoto wa Tanzania, waliona kwamba miongoni mwa visababishi vikubwa mlikuwa na surua, ukosefu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Bibi zetu watusamehe kwa kulisema jambo hili wazi. Nchi yetu ya Kongo nayo ina kumbukumbu chungu: tangu mwanzo wa mwaka 2019 hata Januari 2020 surua iliwashika watu zaidi ya 310,000 kwa kukadiria, na waliokufa walipita 6,000, wengi wao watoto wadogo.

Sasa twende jikoni. Tulimwuliza yule mama: "Mama, nyumbani mnakula nini?" Akajibu: "Ugali wa muhogo, Mwalimu, na sombe." Tukauliza: "Sombe ina mawese?" Akainamisha kichwa. "Zamani ilikuwa nayo. Tangu tulipokimbia na kurudi, ni maji na chumvi."

Katika jibu hilo mna habari yote. Muhogo mweupe hushibisha, lakini hauna vitamini A. Majani ya sombe yana karotini, ambayo tumbo huikata na kupata retinali. Lakini karotini haiingii mwilini vema pasipo mafuta. Mawese mekundu yenyewe yana karotini nyingi sana. Wekundu wake ndiyo hiyo karotini. Wazee wetu waliounganisha sombe na mawese hawakujua habari za protoni, lakini waliunganisha sawasawa. Vita na umaskini vimewatenganisha wawili hao katika vyungu vingi.

Tunajua kwamba huku mlimani mawese hutoka mbali, kwenye michikichi ya pwani ya ziwa, nayo yana bei. Lakini mtoto hahitaji chupa. Kijiko kimoja katika chakula chake kila siku ni neno kubwa. Na mama asiyaunguze mawese mpaka yawe meupe kabla ya kupika, kama wengine wanavyopenda kufanya, kwa kuwa akiufukuza wekundu amemfukuza yule msaidizi wa jicho. Vilevile lengalenga, majani ya maboga, maboga yenyewe ya manjano, mapapai na maembe yaliyoiva husaidia. Yai husaidia, ini husaidia kuliko vyote, hata kipande kidogo cha ini la kuku. Baba anayezoea kula ini peke yake, kwa kuwa ni heshima ya mwenye nyumba, na afikiri tena.

Kuna na mbegu mpya. Mtaalamu wa Uganda, Robert Mwanga, alizalisha viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa, na mwaka 2016 yeye na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza vitamini katika mazao ya kawaida. Iko na mihogo ya manjano iliyozalishwa kwa nia hiyo hiyo. Atakayepata mbegu hizo kwa wataalamu wa kilimo na azipande karibu na nyumba. Mtoto mchanga naye anyonyeshwe, na maziwa ya kwanza ya manjano yasimwagwe kamwe. Hayo ndiyo akiba yake ya kwanza.

Lakini chakula hujenga polepole, na mtoto aliyekwisha kukosa kuona jioni hana muda wa kungoja. Apelekwe kituo cha afya upesi. Huko hupewa vitamini A kwa kipimo kinacholingana na umri wake: siku ya kwanza, kesho yake, na tena baada ya majuma mawili. Kwa kawaida macho huanza kuona jioni ndani ya siku moja au mbili. Asiyepata nafuu aonwe na daktari wa macho, maana yako magonjwa mengine, hata ya kurithi, yanayoleta dalili hii. Watoto wazima nao, tangu miezi 6 hata miaka 5, wapelekwe kila miezi sita wanapoitwa kupewa matone. Ila tunaonya: mama mjamzito asitumie matone makubwa ya watoto, kwa kuwa yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kama yeye mwenyewe haoni jioni, aende akaeleze, naye atapewa kipimo kidogo kinachomfaa.

Na mtajuaje mapema? Msimngoje mtoto aseme. Mtoto hajui kwamba wengine wanaona. Jioni, kabla ya kuwasha taa, mwangalieni. Je, anatembea na ndugu zake, au anakaa mahali pamoja kama kuku aliyekwisha kupanda kulala? Je, anakiona kijiti kilichoanguka miguuni pake? Dakika chache zatosha, wala hazina gharama.

Mama yule alimpeleka mwanawe siku ile ile. Siku ya tatu baba mtu alikuja mwenyewe kwetu, jua likiwa limetua. Alituambia kwamba alipokuwa akipanda njia ya nyumbani, kungali na mwanga mdogo tu, alisikia sauti ya mtoto ikiita kutoka uani: "Baba anakuja!" Hapana mtu aliyekuwa amemwambia.

Baba yule alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, nilimchapa mtoto kwa kosa la chungu."

Hatukuwa na la kuongeza. Lakini tuliona kwamba chini ya mkono alikuwa ameshika chupa ndogo, nyekundu, iliyofungwa kwa jani la mgomba.